Samaki Watatu wa Ziwa Moja

Dominika ya 5 ya Mwaka C

 

Injili ya leo, katika sura ya 5 ya Mtakatifu Luka, inatupeleka kwenye ufuko wa ziwa la Genesareti. Simoni na wenzake wamekesha usiku kucha wakivua, wala hawakupata kitu. Sasa wanaosha nyavu zao, kazi ya watu waliokwisha kuikatia tamaa siku yao. Ndipo Yesu, fundi seremala wa Nazareti, anapomwagiza Simoni, mvuvi tangu ujana wake, aipeleke mashua kwenye maji ya kina na kuzishusha nyavu tena. Simoni anaeleza shida yake, lakini anatii. Samaki wanajaa hata nyavu zinaanza kukatika. Anawapungia mkono wenzake wa mashua ya pili waje kumsaidia, na mashua zote mbili zinajaa hata kukaribia kuzama. Mwisho wa habari hiyo ni wa ajabu kuliko mwanzo wake: wanazifikisha mashua pwani, wanaviacha vyote, wanamfuata.

Sisi wahubiri tumezoea kusimama kwenye ule wingi wa samaki, tukaustaajabia, kisha tukafunga kitabu. Leo tunapenda kuuliza swali moja linalofuata baada ya wingi: mwanadamu akipewa tele, afanye nini ili neema hiyo isimwangamize yeye, wala yeye asiiangamize? Ili tulijibu, tunawaomba tusafiri kwa mawazo hadi ziwa moja la mbali, ambalo mikasa yake inafanana mno na ile ya maziwa yetu. Mara nyingine mtu huuona uso wake vizuri zaidi katika maji ya jirani.

Ziwa hilo laitwa Michigan, nalo limo Marekani, limezungukwa na majimbo manne: Michigan, Wisconsin, Illinois na Indiana. Urefu wake ni karibu kilometa 490, na eneo lake ni kama kilometa za mraba 58,000. Kwa eneo ni dogo kuliko Ziwa Viktoria, lakini kwa kina linalipita mbali: Viktoria lina kina cha meta 80 na kidogo, hali Michigan hufikia meta 281. Ukisimama ufukoni pa Chicago au Milwaukee huoni ng'ambo, na dhoruba yake ni dhoruba ya bahari.

Katika bandari zake ndogo, kama vile Ludington, Manistee, Frankfort, Sheboygan na Racine, wapo manahodha ambao riziki yao si kuuza samaki sokoni, bali kukodisha mashua zao pamoja na ujuzi wao. Huwachukua watu wa mjini, kwa kawaida wasiozidi 6 kwa safari moja: wafanyakazi wa viwandani, walimu, babu na wajukuu zake. Huondoka gatini kabla ya mapambazuko, kwa sababu samaki huuma zaidi nuru ingali changa. Wanaowatafuta ni samoni, samaki mwenye nguvu nyingi ambaye aweza kupita kilo 10. Trauti wa ziwani, akaaye chini kwenye baridi. Na perchi, samaki mdogo wa rangi ya manjano mwenye mistari myeusi ubavuni. Huyo wa tatu, Waingereza humwita kwa jina la ukoo walilompa sangara wetu, ingawa si ndugu kwa damu, na mmoja ni jitu, mwingine hutosha kiganjani.

Kazi ya nahodha ni kujua kina. Wakati wa kiangazi chao maji ya juu hupata joto, na samoni, apendaye maji ya baridi, huteremka chini. Hapo nahodha hutazama chombo kinachopeleka sauti hadi chini na kuipokea inaporudi, kikamwonyesha sakafu ya ziwa na makundi ya samaki. Kisha hushusha waya wenye chubwi kubwa, ya kilo 4 au 5 hivi, na kwenye waya huo huubana mshipi kwa kibanio, ili chambo, ambacho mara nyingi ni kipande cha bati king'aacho mfano wa kijiko, kipite kwenye kina kilekile alichokichagua. Mashua hutambaa polepole. Samaki akiuma, mshipi hufyatuka kwenye kibanio, ufito hupinda na kutikisika, na nahodha hupiga kelele. Lakini yeye mwenyewe hashiki ufito. Humkabidhi mgeni wake, hata akiwa ni mtoto wa miaka 8, akasimama nyuma yake akimwelekeza: vuta, legeza, usiharakishe. Aliyemtafuta samaki ni nahodha. Furaha ya kumtoa majini amempa mwingine.

Wapendwa, hebu tulinganishe mashua hiyo na ile ya Simoni. Katika mashua ya kukodi, asiyejua anamtii ajuaye, wala hakuna cha ajabu hapo, maana kila mwenye akili humsikiliza fundi katika ufundi wake. Katika Injili mambo yamepinduliwa: ajuaye anamtii yule ambaye, kwa macho ya watu, hajui. Mvuvi anamsikiliza seremala. Tena anamsikiliza mchana, saa ambayo ujuzi wake wote unamwambia kwamba samaki hawapatikani. Simoni hakutakiwa kuutupa ujuzi wake, kwani nyavu zilishushwa kwa mikono yake iliyozoea kazi. Alitakiwa akubali kwamba ujuzi wake una mpaka. Na hilo, ndugu zangu, kukubali mpaka, ndilo somo tunalolifuata leo katika samaki watatu wa ziwa lile.

Tuanze na trauti, kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji wa kale. Kwa karne nyingi trauti wa ziwani alikuwa mtawala wa kilindi cha Michigan, na watu walimvua wakala na kuuza. Kati ya maziwa hayo makuu na bahari kulikuwa na ukuta uliojengwa na Mungu mwenyewe, nao ni maporomoko ya Niagara. Mwaka 1829 watu walifungua mfereji wa Welland ili meli ziyapite maporomoko hayo. Nia yao ilikuwa njema: biashara, ngano, mbao, safari. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya meli haukuwachagua waingiao. Kupitia njia hiyo akaja lamprei, kiumbe mwenye umbo la mkunga, asiye na taya, mwenye kinywa cha duara kilichojaa meno, ambaye hujibandika ubavuni mwa samaki na kumfyonza damu. Mwaka 1936 alionekana katika Ziwa Michigan. Ilipofika katikati ya miaka ya 1950, trauti wa ziwani, pamoja na kuvuliwa kupita kiasi, alikuwa ametoweka karibu kabisa katika maji hayo.

Mwaka 1955 Marekani na Kanada ziliunda tume ya pamoja ya uvuvi wa maziwa hayo makuu. Wataalamu walikwisha kujaribu maelfu ya kemikali hata wakaipata moja inayowaua lamprei wachanga mitoni pasipo kuwadhuru sana samaki wengine, na tangu mwaka 1958 imekuwa ikitumika. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ikaanza kupandikiza vifaranga vya trauti katika Ziwa Michigan. Je, mnafikiri baada ya miaka 5 ziwa lilijaa trauti waliozaliwa humo? La. Trauti si samaki wa haraka. Huchukua miaka 6 au 7, pengine zaidi, kabla ya kuzaa. Walipandikizwa mwaka baada ya mwaka, wakakua, wakavuliwa, lakini watoto wao wenyewe hawakuonekana isipokuwa wachache sana. Karibu nusu karne ilipita kabla ya trauti waliozaliwa ziwani kuanza kuonekana kwa idadi ya kutia moyo. Wengi wa wale waliomwaga vifaranga vya kwanza walikwisha kustaafu, na wengine wamelala kaburini.

Hili ni somo la kwanza: kuharibu ni kazi ya siku chache, kuponya ni kazi ya vizazi. Mzazi uliyekaa hapo ukimwombea mtoto aliyepotea katika ulevi, katekista unayefundisha watoto 10 chini ya mwembe bila kuona tunda, mtazame trauti. Upandacho leo huenda atakivuna mtu usiyemjua. Tena, uponyaji huo hauna likizo. Miaka ya 2020 na 2021, ugonjwa wa Korona ulipozuia sehemu ya kazi ya kuwadhibiti lamprei mitoni, mara wakaongezeka tena. Dhambi iliyodhibitiwa si dhambi iliyokufa. Ndiyo maana Bwana wetu hakuchoka kuwahimiza wanafunzi wake wakeshe.

Tuje kwa samaki wa pili, samoni. Huyu si mwenyeji. Trauti alipokwisha kutoweka, samaki mwingine mgeni alikuta nyumba haina mwenyewe. Ni samaki mdogo wa rangi ya fedha, ambaye hapa tutamwita dagaa wa Atlantiki ili tuelewane. Alionekana katika Ziwa Michigan mwaka 1949, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumla, alizaana kupita kipimo. Mwaka 1967 alikufa kwa wingi usioelezeka; mizoga ikafunika fukwe kwa kilometa nyingi, hata Chicago, matrekta yakaletwa kuizoa, na watu wakakimbia uvundo. Ndugu zangu, huo nao ulikuwa ni wingi! Si kila kujaa ni baraka.

Mtaalamu mmoja wa jimbo la Michigan, Howard Tanner, akishirikiana na mwenzake Wayne Tody, alikwisha kuwaza jambo la ujasiri: kumleta samoni kutoka pwani ya Pasifiki, ili amle yule dagaa na kuwapa watu samaki wa kuvua. Mayai yalitoka Oregon. Na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1966 vifaranga vya kwanza vikamwagwa katika mito iingiayo ziwani. Mwaka uliofuata samoni hao wakarudi wakiwa wakubwa na wanono. Habari zikaenea kama moto wa nyikani. Watu wakaja kwa maelfu na mitumbwi, mashua ndogo, vyombo vya kupitia mtoni tu. Wenyewe waliiita homa ya samoni.

Siku ya Jumamosi, tarehe 23 Septemba 1967, dhoruba ilivuma kwenye upande ule wa Frankfort na ghuba ya Platte. Maonyo kwa vyombo vidogo yalikuwa yametolewa. Wengi waliyapuuza, kwa kuwa samaki walikuwa wanauma. Mashua zikapinduliwa na kutupwa ufukoni, na watu 7 wakafa maji. Wahenga wetu walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Sisi tunaoikumbuka MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, iliyozama tarehe 20 Septemba 2018, tunajua jinsi vilio vya ufukoni visivyosahaulika. Wale wavuvi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa baba na kaka za watu waliotoka nyumbani asubuhi wakiahidi kurudi na samaki. Kosa la mauti huanza kwa neno dogo sana tunalojisemea moyoni: mmoja tu zaidi, halafu nitarudi. Kwa sababu hiyo nahodha mwema wa leo hupimwa kwa neno gumu kuliko yote katika kazi yake, nalo ni kuwaambia watu waliokwisha kusafiri mbali: leo hatutoki. Siku hiyo hapati kitu. Lakini abiria wake wanarudi kwa watoto wao.

Samoni akastawi. Bandari zilizokuwa zimelala zikaamka. Hoteli, maduka ya vyambo na mafundi wa mashua wakapata kazi. Na idadi ya manahodha wa kukodisha ikapanda. Ikawa rahisi kufikiri kwamba dawa ya kila tatizo ni kumwaga vifaranga vingi zaidi. Kumbe samoni naye ana tumbo, na ziwa lina kipimo. Upande wa pili wa jimbo lilelile la Michigan liko Ziwa Huron, ambako pia samoni walipandikizwa kwa wingi. Huko, kati ya mwaka 2003 na 2004, yule dagaa wa Atlantiki aliporomoka, na samoni wakubwa wakaporomoka pamoja naye kwa njaa. Chanzo hakikuwa kimoja. Samoni walikuwa wengi mno, tena wengine walikuwa wakizaliana wenyewe mitoni. Pamoja na hayo, kome wageni, walioletwa na meli za ng'ambo katika maji ya farumi, yaani yale yanayobebwa tumboni mwa meli ili isiyumbe, walikuwa wakichuja chakula chote cha viumbe vidogo majini. Maji yakawa maangavu, yakapendeza macho, lakini yakawa kama sahani iliyolambwa. Vijiji vya bandari vya Huron vilivyoishi kwa wageni wa samoni vikabaki na magati yasiyo na watu.

Wale wa Ziwa Michigan waliona. Basi majimbo yakawaita wavuvi na manahodha katika mikutano, yakawaeleza hesabu ya dagaa na hesabu ya samoni. Na mwaka 2013 idadi ya vifaranga vya samoni wakubwa vilivyomwagwa ilikatwa karibu nusu, baada ya kuwa imepunguzwa mwaka 1999 na tena mwaka 2006. Fikirini, ndugu wasikilizaji, ni jambo gani hilo kwa nahodha ambaye ada za shule za watoto wake hutokana na samoni: kuambiwa kwamba ili apate samoni kesho, akubali samoni wachache leo. Wapo walionung'unika, na kila upunguzaji uliofuata ulileta mabishano. Lakini wengi walikubali, kwa kuwa walikwisha kuona magati ya jirani. Dagaa hawakutoweka kama Huron. Baada ya miaka kadhaa majimbo yakaweza kuongeza tena vifaranga kwa kiasi. Na ilikuja kugundulika kwamba zaidi ya nusu ya samoni wakubwa wa ziwa lile hawakutoka katika vituo vya kutotolea vifaranga. Walizaliwa wenyewe mitoni, pasipo mpango wa mtu. Mwanadamu alihesabu, na Muumba akaongeza yasiyohesabiwa.

Hili ni somo la pili: neema hulindwa na wale wajuao kusema, yatosha. Ndiyo maana kila mvuvi wa mashua ile ana kikomo chake cha siku. Katika Wisconsin na Michigan, kwa kawaida, samoni na trauti pamoja hawazidi 5 kwa mtu mmoja. Ziwa likiwa limejaa, mtu angeweza kuwatoa 20. Anafunga mishipi yake, anarudi. Na samoni mwenyewe anatufundisha zaidi. Baada ya miaka michache ya kunenepa, huurudia mto wake, hupanda akipambana na mkondo, akaacha kula, akataga mayai, akafa. Huzaa mara moja tu katika maisha yake, na huzaa kwa kujitoa wote. Tunapomtazama hatuwezi kumsahau yule aliyejifananisha na chembe ya ngano ianguka ardhini.

Samaki wa tatu ni perchi, samaki wa maskini. Kwa samoni unahitaji mashua, vyombo na fedha. Kwa perchi ulihitaji ufito, ndoo na subira. Familia nzima ziliketi kwenye magati ya Chicago na Milwaukee, Wajerumani, Wapolandi na Wamarekani weusi, wakivua kitoweo cha jioni. Katika Wisconsin, mahali ambapo wahamiaji Wakatoliki walikuwa wengi, kujinyima nyama siku ya Ijumaa kulizaa desturi ya samaki wa kukaanga Ijumaa jioni. Na katika kumbi za parokia na migahawa, perchi ndiye aliyependwa sana. Mtu akienda kula alimkuta jirani yake, padre wake, na fundi aliyemtengenezea gari.

Perchi huyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, akaanza kupungua vibaya. Watoto wake wachanga hawakufika utu uzima, na kome wale waliochuja chakula majini wamehesabiwa kati ya sababu. Katika miaka ya 1990 majimbo ya kusini mwa ziwa yakafunga uvuvi wa kibiashara wa perchi, na wenye ndoo kwenye gati wakapunguziwa idadi. Desturi ya Ijumaa haikufa, lakini samaki wa sahani ile leo mara nyingi hutoka mahali pengine, kama vile Ziwa Erie. Na kwa samaki wakubwa, mamlaka za afya zinawaonya watu, hasa kina mama wajawazito na watoto, wasiwale mara kwa mara, kwa sababu ya kemikali za viwandani ambazo utengenezaji wake ulipigwa marufuku Marekani mwaka 1979, na hata leo zingali katika mafuta ya samaki. Kilichotupwa na babu kinakutwa katika sahani ya mjukuu.

Hili ni somo la tatu: maji yanapochafuka, anayekosa kwanza ni maskini. Tajiri akikosa samoni hapa atapanda ndege kumfuata Alaska. Mama mwenye ndoo hana pengine pa kwenda.

Sasa, wapendwa, turudi nyumbani. Tusije tukamstaajabia jirani tukasahau boma letu. Ziwa Viktoria nalo lilipandikizwa mgeni, sangara, tangu miaka ya 1950. Na katika miaka ya 1980 alijaa hata viwanda vikajengwa kwa ajili yake, ndege zikambeba kwenda Ulaya. Alileta fedha, hatukatai. Lakini mamia ya aina za furu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha nyumba maskini, yalitoweka au kubaki machache. Na baada ya sangara kufanywa dhahabu, tukaanza kumvua mama pamoja na mtoto. Nchi zetu zilikubaliana kwamba sangara avuliwe akiwa kati ya sentimeta 50 na 85, mdogo aachwe akue, mzazi aachwe azae. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini kokoro likivutwa usiku halina rula, na sumu ikimwagwa haiulizi umri.

Tunawajua vijana wengi wavuvi. Hatuwahukumu kutoka mimbarini, kwa maana mwenye njaa leo ni vigumu kumhubiria kesho. Wavuvi wa Michigan waliweza kukubali wachache kwa kuwa waliitwa mkutanoni, wakaonyeshwa hesabu, wakasikilizwa. Kwa hiyo neno letu linawahusu kwanza wenye mamlaka na wenye mitaji: mwenye mashua 20 asimfiche nyuma yake mvuvi wa mtumbwi mmoja, mnunuzi wa samaki wachanga ajue kwamba kama asingenunua, wasingevuliwa, na anayechukua kitu kidogo ili afumbe macho, ajue anafumba macho ya wajukuu wake. Kisha linawahusu wavuvi wenyewe, katika vikundi vyao vya ufukoni: msilindane katika uovu. Na linatuhusu sote, kwa maana kila mmoja wetu ana ziwa lake. Mwingine ana duka, mwingine ofisi, mwingine shamba, mwingine afya na nguvu za ujana. Je, ni wapi tulipofika mahali pa kusema, yatosha, na tukasema, mmoja tu zaidi?

Tumtazame tena Simoni katika saa ile ya wingi. Alifanya mambo matatu. Kwanza, aliwaita wenzake wa mashua ya pili. Hakusema, samaki hawa ni wangu, nimekesha peke yangu. Neema ilipozidi nguvu za chombo chake, aliigawa, na kwa kuigawa akaokoa chombo. Pili, alianguka magotini na kukiri udogo wake, kama Isaya katika somo la kwanza alivyoungama midomo yake, na kama Paulo katika somo la pili anavyojiita mdogo wa mitume. Wingi ulimfanya mnyenyekevu. Sisi wengi wetu hutufanya wenye majivuno. Tatu, aliuacha. Samaki wa siku ile bora kuliko zote alibaki pwani, bila shaka akaliwa na watu wa kijijini, naye Simoni akaenda zake na Bwana. Aliyeweza kuacha ndiye aliyekabidhiwa kuwavua watu, kwa sababu kundi la Mungu haliwezi kukabidhiwa kwa mtu asiyejua kuufungua mkono wake.

Ndugu wasikilizaji, juma hili tujaribu jambo moja dogo. Kila mmoja achague kitu kimoja ambacho anaweza kukipata zaidi, na ana ruhusa ya kukipata, lakini akiache kwa ajili ya mwingine atakayekuja baada yake. Mvuvi amrudishe majini samaki mchanga. Mfanyabiashara aache faida ya mwisho kwa mnunuzi mnyonge. Baba aache chupa ya pili, alete mkate nyumbani. Tutaona kwamba mashua iliyopunguzwa mzigo ndiyo inayofika pwani.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeweka maji na kuyapa mipaka yake, uwalinde wote walio ziwani asubuhi hii. Uwape manahodha moyo wa kusikiliza maonyo, uwape watawala haki, uwape maskini kitoweo chao cha leo. Utufundishe kupokea kwa shukrani, kugawa kwa furaha na kuacha bila majuto. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Na Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Dominika njema.